Mji Wote kwa Ajili ya Minza

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya duka la dawa hapa Kahama, nikisubiri dawa ya kikohozi ya mwanangu, wakati mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alipoomba mafuta ya kujikinga na jua. Muuzaji akamfungulia chupa ili aone kama ndiyo yenyewe. Harufu ikanifikia pale nilipo, harufu nzito, tamu kidogo, kama nazi iliyochanganywa na dawa ya hospitali, na kabla sijajua ninakumbuka nini, kitu cha zamani kilikuwa kimeshaamka ndani yangu. Haikuwa huzuni, wala haikuwa hofu. Ulikuwa wivu. Wivu mbichi kabisa wa mtoto wa darasa la tatu, uliokaa humo ndani miaka yote hii bila kuoza.

Wenzangu mliokulia Shinyanga mjini nadhani mtakubaliana nami kwamba mji wetu hatukuuona. Watoto wa siku hizi wanapiga picha kila kona, wanaambiana kwenye simu mambo ambayo mkazi wa mji hapaswi kuyakosa, wapi pa kula, wapi pa kuogelea, jiwe gani la kupanda ili kuona mabati yote ya mji yakimetameta. Sisi tulikuwa na njia ya shule, njia ya kanisani na njia ya bombani, basi. Treni tuliisikia ikipiga honi, hatukuiona. Hoteli yenye bwawa la kuogelea tuliijua kwa ukuta wake. Nyama choma ya mnadani mimi niliinusa kwenye shati la baba, na harufu hiyo ndiyo ilikuwa fungu langu.

Baba alikuwa na bucha ndogo nyuma ya soko. Alitoka nyumbani alfajiri kwenda machinjioni, akarudi jioni amechoka, akala, akasikiliza taarifa ya habari, akalala. Kaka zangu walikuwa shule za mbali, kwa hiyo nyumbani nilibaki mimi tu, na kila nilipomwomba baba anipeleke mahali alinijibu kwa upole uleule: "Siku nikipata nafasi, Kabula." Sikuwahi kuiona siku hiyo. Hata nilipougua surua, nikalala ndani macho yamevimba, bucha haikufungwa. Nilimwelewa. Nilijua kwamba bucha haifungwi, kama vile jua halifungwi.

Ndipo Minza akaja kwetu likizo, na bucha ikafungwa wiki nzima.

Minza alikuwa binti wa mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akiishi kijijini upande wa Bukombe, karibu na machimbo ya dhahabu. Tulikuwa rika moja. Alizaliwa na ualbino, na kwangu hilo halikuwa jambo la kushangaza, maana nilimjua hivyo tangu tunajifunza kutembea: nywele zenye rangi ya nyuzi za hindi bichi, macho yanayotikisika kidogo anapokazia kitu, na sauti nzito isiyolingana na umbo lake. Tulipokuwa wadogo tulikwenda kwao kila mavuno, tukafukuza mbuzi pamoja, tukaiba pamoja michembe ya viazi iliyoanikwa kwenye ungo, tukachapwa pamoja. Kisha safari zile zikakoma bila mtu kunieleza kwa nini, na baadaye nikasikia kwamba Minza yuko shule ya bweni, nje kidogo ya mji wetu wenyewe.

"Kwa nini likizo haendi kwao?" nilimuuliza mama siku ile tunatandika kitanda cha Minza.

"Kwao mbali."

"Si mbali. Tulikuwa tunapanda basi asubuhi, mchana tunakula kwao."

"Kabula, vuta shuka upande wako," mama akasema.

Jioni hiyo baba akatangaza mezani, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha Minza. "Huyu mtoto amekaa ndani mwaka mzima. Likizo hii atauona mji. Kila kitu ambacho mtu wa Shinyanga anatakiwa akione, atakiona." Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, mtu wa Shinyanga, mzaliwa wa Shinyanga, ambaye hakuna alichokiona. Mama akaniangalia, akacheka, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wewe utafaidi." Msemo huo niliuchukia tangu siku hiyo. Mgeni alikuja, na mimi mwenyeji nikaugua.

Ugonjwa wenyewe ulianza asubuhi, kwenye mafuta. Mama alimketisha Minza kwenye kigoda, akamimina yale mafuta kiganjani, akampaka uso, nyuma ya masikio, shingoni, kwenye kila kidole, polepole, bila kuruka mahali, akimsemesha taratibu. Kisha akamvika shati jipya la mikono mirefu na kofia pana yenye utepe. Baada ya hapo aliniita mimi. Mimi nilipakwa mafuta ya mgando, mkupuo mmoja wa uso na mmoja wa miguu, shingo ikikunjwa huku na huku kana kwamba ninakamuliwa, na kuambiwa, "Haya, twende, tunachelewa." Nilipomwomba mama anipake na mimi yale yenye harufu, alisema, "Hayo ni ya Minza. Hayatoshi." Nikajiambia moyoni kwamba kuna watoto wa mafuta yenye harufu na watoto wa mafuta ya mgando, na hakuna wa kubadilisha hilo.

Njiani baba alimshika Minza mkono. Hakumwachia. Alipovuka barabara alimbeba, mtoto mkubwa wa darasa la tatu, na mimi nikavuka nyuma yao nimeshika chupa ya chai. Tulipofika mnadani, kati ya ng'ombe na vumbi na wauza mitumba, baba alichagua meza ya ndani kabisa, pembeni ya jiko la rafiki yake mchoma nyama, akakaa yeye upande wa nje. Mbavu zilipokuja alikata kipande kilichoiva vizuri, chenye mafuta yaliyokauka ukingoni, akampa Minza. Kilichofuata akampa mama. Mimi wa tatu. Nyama ile niliyoitamani miaka yote nilikuwa nayo mdomoni hatimaye, na nakumbuka wazi kwamba sikuisikia ladha yake, kwa sababu nilikuwa natazama kipande cha mwenzangu.

Yule mchoma nyama akaja kumsalimia. "Mwangaluka, mayu," akamwambia Minza kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama mtu mzima. Minza akaitikia kwa ile sauti yake nzito, akaomba pilipili. Alipewa, akala, machozi yakamtoka, akaomba tena. Meza yote ikacheka. Ningeomba mimi pilipili ya pili ningeambiwa nina ulafi.

Na hapo niseme kitu ambacho kingekuwa rahisi kukificha: Minza hakuwa mtoto wa kuonewa huruma. Angekuwa mnyonge, ningemsamehe. Alikuwa mcheshi kuliko mimi, na hilo ndilo lililoniunguza. Baba alipotupeleka studio kupiga picha mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege, mpiga picha alihangaika na taa zake, akasogeza moja, akazima nyingine, akakuna kichwa, akamwambia baba, "Mwanga unampiga sana huyu." Minza akamjibu, "Basi zima zote. Mimi ninajitosha." Mpiga picha alicheka mpaka akalazimika kuweka kamera chini. Baba akairudia sentensi hiyo njia nzima tukirudi, akamsimulia Mama Kulwa, jirani yetu wa vitumbua, akamsimulia Mangi wa dukani. Mimi nilisema mambo ya kuchekesha kila siku, na hakuna aliyewahi kuyabeba hata kufika mlangoni. Picha yenyewe bado ipo kwa mama. Minza yuko katikati, kofia mkononi, anacheka. Mimi niko ukingoni, bega moja limekatwa.

Siku nyingine tulikwenda kwenye bwawa la hoteli. Tulikwenda jua likiwa limeshalegea, kwa sababu ya ngozi yake, na baba alikuwa ameongea na meneja, kwa hiyo hapakuwa na watu wengine majini. Mimi niliona bwawa limefungiwa watu wote kwa ajili ya malkia. Tuliingia wote wawili na magauni yetu ya zamani. Minza alijifunza kuelea siku hiyohiyo, akalala chali juu ya maji, mikono ameitanua. Mimi nilikunywa maji, nikakohoa, nikatolewa. Nilikaa ukingoni nimejifunika kanga ya mama, ninatetemeka, ninamtazama akielea, na kwa mara ya kwanza nilimwombea Mungu kitu kibaya, kidogo tu: kwamba likizo iishe.

Nilikuwa na silaha moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo baba alikuwa amekwenda Maganzo kufuata deni la ng'ombe, akanichukua kwenye gari la rafiki yake. Ndiyo safari pekee niliyowahi kutembezwa. Niliwaona wanunuzi wa almasi wamekaa barabarani kwenye vibanda, kila mmoja na lenzi yake ndogo jichoni, na wachimbaji wametoka na vumbi hadi kwenye kope. Mmoja alifungua karatasi iliyokunjwa akanionyesha almasi. Nilikuwa nimedhani almasi ni kubwa kama yai. Ilikuwa kama punje ya chumvi ya mawe, na watu wazima waliinamia pale wakiwa kimya kabisa.

Nilimsimulia Minza safari hiyo kila jioni tukiwa kitandani, nikiongeza vitu. Nikamwambia mtu wa Shinyanga asiyefika Maganzo si mtu wa Shinyanga. Basi asubuhi moja Minza akasema, "Baba Kabula, twende Maganzo."

Baba alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Hakuinua kichwa. "Huko hapana."

"Lakini mimi nilienda," nikasema.

"Wewe ulienda. Minza haendi machimboni. Sitaki kusikia tena."

Baba hakuwa mtu wa sauti ile. Mimi nikaelewa kwa namna yangu: Maganzo kuna vumbi na wachimbaji walevi. Mahali kama pale alipelekwa Kabula. Minza wa mafuta na kofia hafai kupelekwa. Hata ile safari moja niliyoiringia ikageuka mikononi mwangu ikawa kitu cha hovyo.

Siku hiyo, badala ya Maganzo, tulikwenda stesheni kuona treni ikiingia. Hii niliitaka kwa dhati. Nilikuwa nimeisikia treni ile tangu nipo tumboni. Tulikaa kwenye benchi mapema, mama amenunua karanga, watu wakazidi kujaa na mizigo yao, magunia ya mchele, kuku wamefungwa miguu. Reli ilianza kulia kwa mbali. Nikasimama juu ya benchi. Wakapita vijana wawili nyuma yetu, mmoja akamwangalia Minza juu mpaka chini, akamwambia mwenzake bila kupunguza sauti, "Dili hilo linapita." Mwenzake akacheka.

Baba aligeuka. Sikuwahi kuuona uso wake ule, hata alipokuwa anachinja. Alimtazama yule kijana hadi akaondoa macho, kisha akamnyanyua Minza, akampakata kifuani kama mtoto mchanga, akaanza kutoka. Mama akanivuta kutoka juu ya benchi. "Treni inakuja," nikasema. "Mama, ile pale inakuja." Mama alinivuta tu. Nyuma yangu niliisikia ikiingia, breki zikilia, watu wakipiga kelele za furaha, na mimi nimegeuziwa kisogo natembezwa mbio kuelekea kwenye bajaji.

Nililia njia nzima. Minza hakulia. Alikuwa ameficha uso shingoni mwa baba, na kofia yake ilikuwa imeanguka, mama ndiye aliyeiokota.

Kwa mtoto wa mji ule neno "dili" lilikuwa neno zuri. Watu walisema fulani amepata dili, amejenga. Bati jipya ni dili, pikipiki mpya ni dili, almasi ile kwenye karatasi ilikuwa dili. Kumbe hata watu wasiomjua wanaona kwamba Minza ni kitu cha thamani. Wanapita tu stesheni na wanaliona. Usiku ule nilijitazama mikono yangu kwenye mwanga wa taa, mikono ya kawaida, myeusi, yenye alama za mbu, na nikajiuliza kama kuna siku mtu atapita nyuma yangu aseme, dili hilo.

Minza sasa ni mwalimu wa sekondari Geita, ana mume na watoto wawili, na akianza kusimulia likizo ile kwenye sherehe za familia watu huacha kula. Anaisimulia vizuri kuliko mimi. Hilo nalo linaniuma kidogo.

Kesho yake baada ya stesheni ilikuwa siku ya mwisho, keshokutwa anarudi shule. Hatukutoka. Mchana tukiwa tunakula matobolwa, vile viazi vya kukaushwa, na maziwa ya mgando, baba akajaribu kurudisha furaha. "Haya, Minza. Mji umeuona. Kimebaki nini?"

Minza akafikiri. Akasema, "Nataka kutumwa dukani."

Baba akatabasamu. "Twende sasa hivi, mimi na wewe."

"Hapana," Minza akasema. "Kutumwa. Kama Kabula. Peke yangu."

Mama akaweka kikombe chini. Nilimwona akimtazama baba, na baba akimtazama yeye. "Mwanangu," mama akasema, "chagua kitu kingine."

"Sitaki kingine."

"Duka liko hapo tu," nikasema mimi, kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuona jambo dogo likifanywa kubwa. Kwenda kwa Mangi ilikuwa adhabu yangu ya kila siku. Nilitumwa sabuni, nilitumwa majani ya chai, nilitumwa mafuta ya taa nikiwa katikati ya mchezo. Sasa hata hilo lilikuwa linaombwa na Minza kama zawadi, na watu wazima wanalijadili kama mahari.

Baba akainuka, akatoka nje bila viatu vyake vya kutokea, na malapa tu. Alikaa huko muda. Aliporudi alimwambia mama, "Mtume." Kisha akatoka tena na redio yake, akaenda kukaa kwa fundi baiskeli aliyekuwa katikati ya njia yetu na duka, mahali ambapo hajawahi kukaa maisha yake yote.

Mama alimpaka Minza mafuta, akamvika kofia, akampa hela. "Chumvi na kiberiti," akamwambia. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, nami nikashangaa mtu anayetetemeka kwa ajili ya chumvi. Tukasimama getini, mama kanishika bega.

Minza akatoka.

Na mtaa mzima ulikuwa nje. Mama Kulwa alikuwa amehamisha karai lake la vitumbua kutoka uani mpaka ukingo wa barabara, na jiko halikuwa hata na moto. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa, ambao saa hizo huwa wamelala, walikuwa wamesimama wawili huku, watatu kule, wanazungumza huku shingo zimegeukia upande mmoja. Waendesha bodaboda wa kona walikuwa wamezima pikipiki na kupanga mstari. Fundi baiskeli ameshika spoko, haigusi baiskeli. Baba ana redio sikioni na redio yenyewe, naapa, haikuwa imewashwa. Mangi alikuwa ametoka nyuma ya nondo zake na kusimama kizingitini. Minza alipita katikati yao wote akitembea kwa mwendo wa maringo, kofia imenyooka, hela ameikunja kwenye ngumi, akisalimia, "Shikamoo, shikamoo," na kila mtu akaitikia marahaba kwa sauti ya chini kama kanisani.

Sikuwahi kuona wivu kama ule, na sijauona tena. Miaka yangu yote nimeipita barabara ile, na hakuna aliyewahi kutoka nje kunitazama. Minza amepita mara moja, mtaa umejipanga kama anapita kiongozi.

Alirudi na chumvi. Uso ulikuwa umelowa jasho na anacheka. Mama akapokea, akaangalia mkononi mwake, akasema, "Kiberiti kiko wapi?"

Minza akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umesahau kiberiti," mama akasema. Kisha nadhani mazoea yakamshinda, akasema kwa sauti ileile anayoitumia kwangu, "Vichwa vyenu vinawaza nini ninyi watoto mkitumwa? Rudi."

Uso wa Minza ulibadilika kwa namna ambayo mpaka leo ninaiona. Hakuna zawadi ya wiki ile iliyompendeza kama kugombezwa. Aligeuka akakimbia, kwa kweli alikimbia, na barabarani nikamsikia fundi baiskeli akisema, "Anarudi tena, anarudi tena," na Mama Kulwa, aliyekuwa ameshaanza kubeba karai lake, akalirudisha chini.

Siku iliyofuata tulimrudisha shule. Ulikuwa ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake, geti la chuma, na mlinzi aliyetazama sura zetu kwa makini kabla ya kufungua. Nyumba zenye ukuta kama ule nilizozijua zilikuwa za matajiri. Ndani watoto walimkimbilia Minza, wengi wao kama yeye, kofia kila mahali, wakimvuta na kumuuliza. Nikamwambia baba kwamba na mimi nataka kubaki pale.

Minza ndiye aliyenijibu. "Wewe huwezi kukaa hapa," akasema. "Wewe unatumwa dukani." Hakusema kwa kunicheka. Alinikumbatia haraka akaingia ndani na wenzake, na geti likafungwa kwa komeo la ndani, kisha la pili.

Baba alikwenda moja kwa moja kufungua bucha. Mimi na mama tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye kalavati karibu na mtaa wetu, nikauliza lile swali nililolibeba tangu stesheni.

"Mama, mimi nitakuwa dili lini?"

Mama alisimama. Akaketi pale kwenye ukingo wa kalavati, na kitenge chake kizuri, akanivuta nikae. Hakunigombeza. Alinieleza kwa maneno machache, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza. Kwamba kuna watu wanaodanganywa na waganga kuwa kiungo cha mtu kama Minza kinaleta dhahabu, na wako tayari kuua ili wakipate. Kwamba walifika kwa mama mkubwa, wakavunja mlango, na majirani walipopiga yowe wakakimbia. Kwamba ndiyo maana Minza hakai kwao, hata mama yake humwona kwa kumtembelea. Na kwamba neno lile ndiyo bei wanayomwekea. "Usilitamke tena," mama akasema. "Wala usilitamani."

Niliuliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo Mama Kulwa hakutoka kumtazama?"

"Baba yako aliwaomba nyumba kwa nyumba," mama akasema. "Walikuwa wanamlinda."

Ningependa kusema kwamba wivu ulinitoka hapohapo kama pepo. Haukutoka. Ulibaki, ila haukujua tena pa kukaa. Niliyaona mafuta, na mkono wa baba, na meza ya ndani, na bwawa tupu, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kiligeuka kikanionyesha upande wa pili.

Mama akajifuta uso, akainuka, akakung'uta kitenge. "Sukari imeisha," akasema, na akanipa hela. "Ngoja nitangulie nyumbani nikawashe moto. Pitia kwa Mangi."

Nikaenda. Ilikuwa saa ileile ambayo mtaa huwa umelala. Fundi baiskeli alikuwa ameinamia gurudumu. Mama Kulwa alikuwa uani kwake, nilisikia sauti yake tu ikimwita mtu. Bodaboda mmoja alikuwa amejilaza juu ya pikipiki, kofia usoni. Nilitembea katikati ya barabara, polepole, nikaita shikamoo kwa bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mchele, akaitikia bila kuinua macho. Nilifika, nikanunua, nikarudi na sukari yangu mkononi, na njia nzima, kwenda na kurudi, hakuna mtu hata mmoja aliyenitazama.